Doto Asiulizwe Tena

Kitu cha kwanza alichofanya Tusekile kila asubuhi, kabla ya kuvua koti, kabla hata ya kubandika chai, kilikuwa kwenda kutazama kama mumewe yu hai.

Hakuwa na njia ya kumwona, wala ya kuisikia sauti yake. Alichokuwa nacho ni faili. Aliketi mbele ya kompyuta kwenye chumba kile kilichonuka mafuta ya mashine za kupozea, akafungua faili, akateremka mpaka chini kabisa, akatazama mistari mipya ikijiandika yenyewe: saa, mtetemo, baridi, saa, mtetemo, baridi. Mistari ilikuwa inashuka. Ndipo naye akashusha pumzi.

Mistari hiyo ilitoka kwa Doto. Doto alikuwa jiwe lisilozidi punje ya harage, limefungiwa ndani ya pipa la chuma, katika baridi ambayo mbele yake sakitu ya hapo mlimani Kitulo ni joto la bondeni Kyela. Pacha wake, Kulwa, alikuwa ndani ya chombo kilichoitwa Ng'ambo, pamoja na watu mia mbili walioondoka kwenda kuishi kwenye jua jingine. Mawe yale yalikuzwa kama jiwe moja, kisha yakatenganishwa. Na tangu hapo lolote lililomtikisa Kulwa, Doto alilihisi saa ileile, hata kama kati yao palikuwa na umbali uliozishinda redio. Redio ya Ng'ambo ilizimika katika mwaka wa nne wa safari. Waliobaki duniani wakabakiwa na Doto peke yake.

Waliomtengeneza walikuwa watu wenye busara ya kizamani. Walijua kituo kitadumu kuliko mitindo ya kompyuta, kwa hiyo wakamwekea Doto waya wa aina ya zamani kabisa, ambao fundi yeyote angeweza kuuchomelea upya: uzi mmoja wa kusema, mmoja wa kusikia, mmoja wa ardhi. Herufi zilipita humo moja moja, na kila herufi ikapita vipande vipande kwa foleni, kama watu wanaovuka mto kwa gogo moja. Kilichotakiwa ni pande zote mbili kukubaliana mwendo. Zikipishana mwendo, yanayofika ni makapi.

Tena Doto hakuwa msemaji. Alijibu alipoulizwa tu. Programu aliyoiandika Tusekile ilimuuliza, ikangoja jibu lake lifike hadi mwisho wa mstari, ikalibandika saa, ikaliandika kwenye diski papo hapo ili umeme ukikatika lisipotee, kisha ikamuuliza tena. Miaka ya mwanzo ilimuuliza mara moja kwa saa. Baadaye jamaa za wasafiri waligundua kwamba Doto akiulizwa haraka haraka, mara nyingi ndani ya sekunde moja, mitetemo ile ikipitishwa kwenye spika hugeuka kuwa sauti. Kulwa aliwekwa chini ya ujia mkuu wa chombo. Sauti zilizosikika zilikuwa za miguu ya watu wakipita.

Toka hapo, hakuna aliyetaka kurudi kwenye swali moja kwa saa. Kila Jumamosi wazazi, wake na waume walipanda Kitulo na mablanketi yao, na kila familia ikapewa zamu ya saa moja ya kukaa mbele ya spika na kusikiliza nyayo.

Jumamosi hiyo Tusekile aliona kitu kwenye mistari ya usiku. Mtetemo ulikuwa umepanda ghafla, ukashuka, ukapanda, ukatulia, ukapanda tena, na nafasi kati ya pigo na pigo ilikuwa sawasawa. Alidhani ni pampu ya kupozea imelegea nati. Akaenda kuishika pampu kwa kiganja. Pampu ilikuwa nzima.

Akarudi, akayachora mapigo yale kwenye kioo cha kompyuta. Yalikuja kwa mafungu. Kila fungu lilianza kwa pigo moja na kuishia kwa kimya, na katikati palikuwa na nafasi nane.

Hiyo ilikuwa lugha ya waya wenyewe. Pigo la kufungulia, vipande nane vya herufi, kimya cha kufungia. Mtu alikuwa amesimama karibu na Kulwa, mahali pasipofikiwa na redio, akigonga pipa lake kama Doto anavyoongea na kompyuta.

Alimjua mtu huyo. Chuoni Mbeya, yeye na Angolwisye, mumewe wa baadaye, walikuwa wakikaa pande mbili za meza moja ya karakana, kila mmoja na betri yake na taa yake ndogo, wakiandikiana kwa kuwasha na kuzima huku mwalimu akidhani wanafanya zoezi. Ndivyo walivyochumbiana. Miaka mingi baadaye waliomba wote wawili nafasi ya kwenda Ng'ambo, ikapatikana moja, ya fundi wa Kulwa. Angolwisye alitaka kuikataa. Tusekile ndiye aliyemwambia aende. Yeye angeomba kazi ya kumtunza Doto, na hivyo wangekuwa kwenye ncha mbili za kitu kimoja. Alisema hivyo akiamini kabisa kwamba kungekuwa na faraja ndani yake. Faraja ilikuwepo, lakini ya kijiko, na kiu ya pipa.

Akaanza kuyasoma mafungu. Herufi ya kwanza T. Ya pili U. Ilipofika ya nne alikuwa hawezi kuona kioo vizuri, akajifuta kwa mkono wa sweta.

TUSE ACHENI KUULIZA. KILA MKIULIZA KULWA ANATIKISIKA. SAA YA CHOMBO INAPOTEA. HATUWEZI KULENGA. JUMATATU TUNAANZA KUPUNGUZA MWENDO. TUKISIKIA KIMYA TUTAJUA MMESIKIA.

Ujumbe ulirudiwa mara tatu. Angolwisye alikuwa amegonga usiku mzima. Mwisho wa mara ya tatu, kama mtu aliyekwisha funga mlango akaufungua tena kidogo, alikuwa ameongeza: NIPO. NIMEZEEKA KIDOGO.

Tusekile alikaa. Chai aliyokusudia kuibandika hakuibandika. Kwa miaka yote ile alikuwa ameomba neno moja, neno lolote, na sasa limekuja. Na neno lenyewe lilikuwa kumtaka asisikilize tena.

*

Bwana Mgaya, mkuu wa kituo, alikuwa ofisini kwake akiota moto wa jiko la mkaa. Alikuwa mtu mzima, mwangalifu, ambaye hakupenda kuamka na jambo jipya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Tusekile. Mbona uso hivyo? Doto amekufa?"

"Hajafa. Ameleta maneno."

Akamwonyesha. Bwana Mgaya alisoma akafika mwisho, akarudi mwanzo, akavua miwani.

"Una hakika hukuota?"

"Nilidhani nitaulizwa hivyo, kwa hiyo nimeangalia faili la miaka yote. Tazama hapa, mzee. Kila umeme ulipokatika, programu ilisimama, Doto hakuulizwa. Umeme uliporudi, mstari wa kwanza unaonyesha Kulwa ametulia kuliko alivyokuwa. Kisha tunaanza kuuliza, naye anaanza kuhangaika. Kila mara. Hakuna hata mara moja ilipokuwa vingine. Tulidhani tunamchungulia tu. Kumbe kila tukimuuliza Doto, tunamvuta Kulwa shati."

"Na Kulwa ndiye saa yao."

"Ndiye saa yao. Kwa mwendo ule, saa ikipotea kidogo tu, watapita pembeni ya jua wanalolikusudia. Hawatakuwa na njia ya kurudi."

Bwana Mgaya aliyachochea makaa ingawa yalikuwa yanawaka vizuri. "Nikiandika makao makuu leo, jibu litakuja katikati ya wiki."

"Jumatatu wanaanza kupunguza mwendo. Na Kulwa akiachwa huchukua karibu siku mbili kutulia, faili linaonyesha. Yaani tungepaswa kuzima jana."

"Nikizima bila kibali nimezima mali ya mataifa, kwa sababu mtu fulani amegonga pipa."

"Si mtu fulani. Ni Angolwisye."

"Hilo ndilo ninaloliogopa," alisema kwa upole. "Angekuwa mume wa mwingine, wangekusadiki." Akavaa miwani tena. "Wenye watoto wao wako ukumbini tayari. Waambie. Hawa ndio wenye haki. Wakisema tuzime, nitasaini, na litakalonipata na linipate."

*

Ukumbini palinukia viazi vya kuchemsha na nguo za sufu zilizolowa ukungu. Walikuwepo kama thelathini. Tusekile aliwasomea ujumbe wote isipokuwa maneno ya mwisho. Hayo aliyabakiza yawe yake.

Mzee Lutengano, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa rubani wa pili wa Ng'ambo, alisimama kwa kushikilia kiti. Kifua chake kilikuwa kikilia kama mvukuto wa mhunzi.

"Mwanangu Tusekile, mimi sikatai. Lakini leo ni zamu yangu."

"Najua, baba."

"Daktari ameniambia nisipande tena huku juu, hewa yake itaniua. Nimekuja kwa kutoroka. Mke wangu anadhani niko Matamba kununua mbegu." Watu wawili watatu walitabasamu, yeye hakutabasamu. "Nipe muda wangu leo. Nimsikie akipita. Halafu zimeni, hata mkizima dunia nzima."

Tusekile alitaka kukubali. Saa moja ni nini? Watu wale wangeweza kumaliza kula viazi ndani ya saa moja. Nani angemlaumu? Lakini aliiona ile michoro ya faili, jinsi Kulwa alivyoshuka kuelekea utulivu polepole, polepole sana, kama mtoto mwenye homa anayetafuta usingizi. Na kama saa hiyo moja ndiyo itakayopungua Jumatatu?

"Siwezi, baba. Nisamehe."

"Wewe umepata maneno ya mumeo!" Mzee alipaza sauti ikakatwa na kikohozi. "Umeyasoma kwa macho yako! Mimi naomba nyayo tu. Nyayo!"

Ilikuwa kweli.

Mama Yusta, mjane aliyekaa karibu na dirisha, alijifunga kitenge upya kiunoni. Binti yake Yusta alikuwa mwuguzi kwenye chombo. Alianguka baiskeli utotoni, na tangu hapo huburuta kidogo mguu wa kushoto. Kwa hiyo katika ukumbi ule Mama Yusta ndiye pekee ambaye hakuna aliyeshuku kwamba nyayo anazozisikia ni za mtoto wake kweli.

"Mimi niwaambie," alisema. "Yusta alipokuwa mchanga nilikuwa namwamsha kila mara kuona kama anapumua. Namtikisa, analia, nami nafurahi. Mama mkwe akaniambia, wewe mtoto huyu humpendi, unaipenda roho yako itulie. Nilimchukia kwa maneno yale mwaka mzima." Akatazama mikono yake. "Tuwaache walale."

"Na tutajuaje kama wamefika?" aliuliza mwanamke mmoja kijana.

"Hatutajua," alisema Tusekile. "Hata wakifika, sijui kama watakuwa bado na Kulwa au watamvunja kwa matumizi mengine. Sitaki kuwadanganya."

Wakanyoosha mikono. Wengi walikubali, wengine wakiwa wanalia, mmoja akiwa ameficha uso ndani ya blanketi na mkono peke yake uko juu. Mzee Lutengano hakunyoosha. Alichukua kofia yake, akatoka, na kupitia dirishani walimwona akiingia kwenye gari na kufunga mlango.

Tusekile alihesabu mikono kwa sababu ndivyo alivyopaswa kufanya. Lakini alijua, na aliona aibu kujua, kwamba hata wangekataa wote angezima.

*

Bwana Mgaya alisaini. Tusekile akarudi kwenye chumba cha Doto peke yake. Mama Yusta alimfuata mpaka mlangoni akasimama hapo, hakuingia.

Kuzima kwenyewe hakukuwa kazi: amri moja ya kuisimamisha programu, faili lifungwe vizuri, njia ya waya ifungwe, basi. Aliandika amri. Kabla ya kuipeleka, mkono wake uliwasha spika. Hakuwa amekusudia. Au alikusudia.

Hakukuwa na nyayo. Ujia wa Ng'ambo ulikuwa kimya, kana kwamba watu wote wameamriwa wasipite. Palikuwa na mvumo mdogo wa mashine, na chini ya mvumo huo kitu kingine, dufu, dufu, taratibu, na kila pigo lina jenzake dogo nyuma yake. Alikitazama kwenye mistari. Kilipanda na kushuka bila kukosea.

Ilimchukua muda kuelewa. Alikuwa ameweka mkono. Angolwisye alikuwa amesimama karibu na Kulwa, kiganja kimelala juu ya pipa, akingoja kuona kama mitikisiko itakoma. Na damu iliyopita kwenye kiganja chake ilikuwa ikimtikisa Kulwa, na Kulwa akimtikisa Doto, na Doto akiandika.

Dufu, dufu.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilikuja likiwa limekwisha pambwa. Kama kila swali hutikisa upande wa pili, basi na yeye anaweza kuandika. Aulize, anyamaze, aulize, anyamaze. Swali ni moja, kimya ni sifuri. Mumewe angeyahisi chini ya kiganja chake, herufi kwa herufi. Miaka yote hii alikuwa amekaa mbele ya barua ya kwenda, akidhani ni ya kuja tu. Ingetosha neno fupi. *Nimesikia.* Au jina lake. Au lile neno ambalo chuoni aliliandika kwa taa, kisha akajifanya amekosea herufi.

Vidole vilikwisha anza kuandika amri nyingine. Alikuwa fundi, hakuweza kuacha kupiga hesabu hata akitaka: Angolwisye angehitaji nafasi ya kutosha kati ya pigo na pigo ili asome, kwa hiyo neno moja, likirudiwa hadi alitambue, lingekula saa nzima. Saa ileile aliyomnyima mzee wa watu mbele ya ukumbi mzima.

Na Angolwisye hakuomba neno. Aliomba kimya. Alikuwa amegonga usiku mzima kwa mkono unaozeeka ili aeleweke kitu hicho kimoja.

Tusekile alifuta. Herufi ziliondoka moja moja mpaka ikabaki amri ya kwanza, ikisubiri pale juu.

Aliweka kiganja chake cha kushoto juu ya pipa la Doto, akijua kwamba hakuna kitakachofika, kwamba kutoka kwa Doto kinachovuka ni swali tu, si mguso. Chuma kilikuwa baridi hadi kuuma. Akasikiliza dufu moja, akasikiliza nyingine. Kila moja alikuwa anamwibia Angolwisye kimya chake, na alijua, akajiruhusu moja ya mwisho. Kisha akabonyeza.

Spika ilinyamaza. Kwenye kioo mistari ilisimama.

Alichomoa waya, akalegeza skrubu zake mbili ndogo kwa kucha, ili mtu asije akauwasha kwa mazoea, yeye wa kwanza. Alipotoka, Mama Yusta alikuwa bado mlangoni, amejikunyata kwa baridi.

"Tayari?"

"Tayari, mama."

Walitembea pamoja ujiani. Nje, ukungu ulikuwa umeanza kuachia maua ya manjano nyandani, na gari la Mzee Lutengano lilikuwa limekwisha ondoka. Mama Yusta alimshika mkono, akashtuka kuuona ulivyopoa, akauingiza ndani ya kitenge chake, akausugua.

"Nilisikia kitu kama ngoma," alisema. "Ilikuwa nini?"

"Moyo wake. Alikuwa ameshika pipa, anatungoja."

Mama Yusta alisimama. "Na ulipozima?"

"Nilipozima alikuwa bado ameshika," alisema Tusekile.